Skrini Inayovutia Si Mfumo: Tuzielewe Programu za Kampuni Zinazofanya Kazi Ndani ya Kivinjari

Kampuni ikianza kutafuta mfumo wa kuendeshea shughuli zake, maneno humiminika kabla ya kazi yenyewe kuanza. Muuzaji wa kwanza anasema analeta jukwaa. Wa pili anasema yake ni programu ya wavuti, haina haja ya kusakinishwa. Wa tatu anazungumzia wingu, na wa nne anaapa kwamba kwake hata mtaalamu wa kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, hahitajiki. Wakurugenzi wanaitikia kwa vichwa, mhasibu anauliza bei, na mwishowe inachaguliwa ile skrini iliyopendeza kuliko nyingine.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo mara nyingi, na kila mara naondoka na wasiwasi uleule. Skrini ndiyo sehemu ya mfumo inayozeeka mapema kuliko zote. Kinachodumu kwa miaka, kinachokula fedha nyingi na kinachoweza kuiumiza kampuni kikiharibika ni kile kilichokaa nyuma yake: kumbukumbu, kanuni na ruhusa. Anayenunua kwa kutazama mbele tu anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na maana. Programu ya biashara ni programu yoyote inayotunza kumbukumbu za kazi za kampuni: oda, ankara, mali iliyopo stoo, mishahara, madeni ya wateja. Jukwaa la programu za biashara ni kitu kipana zaidi. Hapo ndipo programu kadhaa za kampuni hujengwa na kukaa pamoja, zikichangia vitu vya msingi: orodha moja ya watumiaji, hifadhidata moja, utaratibu mmoja wa kutoa ruhusa, njia moja ya kuidhinisha kazi na kutoa ripoti.

Programu tajiri ya intaneti, kwa upande wake, ni programu inayofunguka ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za wavuti kama Chrome, lakini inafanya kazi kama iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Ukibofya inajibu palepale, haipakii upya ukurasa mzima, unaweza kuburuta kitu kutoka hapa hadi pale, na hesabu ndogondogo inazipiga yenyewe bila kuiuliza seva. Seva ni kompyuta iliyo mbali, inayotunza data na kujibu maombi ya vivinjari.

Vitu hivi viwili hutajwa pamoja kwa sababu cha pili mara nyingi ndicho uso wa cha kwanza. Hata hivyo, kimoja kinaweza kuwepo bila kingine. Ramani unayoisogeza kwa kidole kwenye kivinjari ni programu tajiri, na haina habari na ankara zako. Jukwaa nalo linaweza kukesha usiku kucha likipokea mafaili ya benki na kutuma madai kwa wateja bila mtu yeyote kufungua skrini.

Ukurasa ulivyogeuka kuwa programu

Wavuti haikuundwa kwa ajili ya kazi za ofisi. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, na shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya wanasayansi kusoma na kuunganisha nyaraka zao. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: unaomba ukurasa, seva inautuma, unausoma, basi. Ukitaka kitu kingine, unaomba ukurasa mwingine.

Sasa mweke karani wa mauzo mbele ya utaratibu huo. Ana oda yenye bidhaa kumi na mbili. Anajaza mstari wa kwanza, anabofya kitufe cha kuongeza, na ukurasa wote unaondoka na kurudi, pamoja na nembo ya kampuni, menyu na picha za pembeni, kwa ajili ya mstari mmoja tu. Skrini inakuwa nyeupe sekunde mbili tatu. Mstari wa pili, hivyohivyo. Kwenye mstari wa tisa anaandika herufi mahali pa tarakimu. Seva inakataa, ukurasa unarudi na nusu ya fomu ikiwa tupu. Mteja yuko kwenye simu anasubiri.

Sekunde hizo si jambo dogo. Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta, alieleza mwaka 1993 viwango vitatu ambavyo wabunifu wanavitumia hadi leo. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anahisi ametenda mwenyewe. Likichelewa hadi sekunde moja, anagundua lakini wazo lake halikatiki. Likifika sekunde kumi, akili imeshahamia kwingine. Karani anayepita mpaka huo mara mia kwa siku hatamaliza kazi yake, na hatakuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana kampuni nyingi ziling'ang'ania programu za kusakinisha. Zilikuwa na kasi. Tatizo lake lilikuwa kwamba kila kompyuta ilipaswa kufikiwa: fundi anapita meza kwa meza na toleo jipya, na wiki moja baadaye idara mbili zinagundua kuwa zinapiga hesabu ya kodi kwa kanuni mbili tofauti kwa sababu kompyuta moja ilirukwa. Kampuni ilibidi ichague kati ya kasi na wepesi wa kusambaza.

Machi 2002 kampuni ya Macromedia, iliyokuwa ikimiliki Flash, ilitoa andiko lililoupa jina mchanganyiko wa vyote viwili: programu tajiri ya intaneti. Flash ilikuwa programu-jalizi, yaani kipande kinachochomekwa kwenye kivinjari ili kiweze kufanya jambo ambalo chenyewe hakiwezi. Watu waliijua kwa katuni na michezo. Macromedia ilisema inaweza kubeba fomu, majedwali na chati za kampuni, na mwaka 2004 ikatoa Flex kwa kazi hiyo. Adobe iliinunua Macromedia mwaka 2005. Microsoft ikajibu kwa Silverlight mwaka 2007, na Sun Microsystems ikaja na JavaFX mwaka 2008. Zote zilitegemea wazo lilelile, kwamba kivinjari kipewe injini ya ziada na programu iendeshwe humo.

Njia nyingine ilikuwa ikijijenga kimya pembeni. Mwaka 1999 Microsoft ilitoa Internet Explorer 5 ikiwa na uwezo mdogo uliotoka kwa watu waliokuwa wakitengeneza barua pepe ya Outlook ya kwenye wavuti. Uwezo huo uliruhusu ukurasa kuiomba seva kipande cha data kimyakimya, bila kujipakia upya. Vivinjari vingine vikauiga. Gmail ilipotoka Aprili 2004 na Google Maps Februari 2005, dunia ikaona njia hiyo inaweza kufika wapi, na mwezi huohuo wa Februari Jesse James Garrett akaipa njia hiyo jina la Ajax.

Rudi kwa karani wetu. Kwa njia hii mpya akijaza mstari wa tisa, kivinjari kinatuma ujumbe wenye namba ya bidhaa na idadi, hata herufi mia hazifiki. Seva inajibu kwa bei na kiasi kilichobaki stoo. Mstari ule mmoja unabadilika, mingine kumi na mmoja haijaguswa. Akikosea kuandika herufi mahali pa tarakimu, kivinjari kinamwambia kabla hata ujumbe haujatoka. Hakusakinisha chochote, na toleo jipya litamfikia kesho asubuhi atakapofungua kivinjari.

Kuanzia hapo programu-jalizi zilianza kufa, na jinsi zilivyokufa ndiko kwenye fundisho. iPhone ilitoka mwaka 2007 bila Flash. Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini kampuni yake haitaikubali Flash. Julai 2017 Adobe yenyewe ikatangaza kwamba Flash itasitishwa mwishoni mwa 2020, na ikawa hivyo: tarehe 31 Desemba 2020 msaada ulikoma, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kicheza-Flash chenyewe kilianza kukataa kufungua kilichotengenezwa kwa Flash. Silverlight nayo ilifikia kikomo Oktoba 2021.

Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikutwa na baadhi ya fomu zake za kodi za mtandaoni zikiwa bado zinategemea Flash. Januari 2021 ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ambacho walipakodi wangekisakinisha ili waweze kuzifungua fomu hizo. Taarifa ilikuwa imetolewa zaidi ya miaka mitatu kabla. Kumbukumbu za walipakodi zilikuwa salama, viwango vya kodi havikubadilika, seva zilikuwa zikifanya kazi. Kilichokufa ni uso tu, na uso huo peke yake ulitosha kusimamisha watu mlangoni.

Leo programu tajiri hazihitaji kuchomeka chochote. Kivinjari chenyewe kimekomaa: HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ilipitishwa rasmi mwaka 2014, na WebAssembly, inayowezesha hesabu nzito kufanyika ndani ya kivinjari kwa kasi inayokaribia ile ya programu za kusakinisha, ikapitishwa mwaka 2019. Lakini mtu asijidanganye kwamba kuzeeka kumeisha. AngularJS, mkusanyiko wa msimbo wa Google ambao kampuni nyingi ziliujengea skrini zao kuanzia mwaka 2010, ulifikia mwisho wa msaada tarehe 31 Desemba 2021. Hakukuwa na programu-jalizi hapo, na bado skrini zilihitaji kuandikwa upya. Kampuni inayonunua mfumo wa kudumu miaka kumi na mitano ijue tangu mwanzo kwamba itabadilisha uso wake mara moja au mbili katika kipindi hicho, na ipange ili ikifika siku hiyo isilazimike kugusa hesabu zake.

Jukwaa ni nyumba ya kupanga

Mtu anayepanga nyumba hachimbi msingi wala hapitishi mabomba. Anakuta kuta, maji, umeme na kufuli, kisha anaingiza samani zake. Jukwaa la programu za biashara liko hivyo. Kampuni inakuta tayari orodha ya watumiaji, utaratibu wa ruhusa, hifadhidata, ngazi za kuidhinisha, kumbukumbu za nani alifanya nini na saa ngapi, chombo cha kuchora ripoti na mlango wa kuzungumza na mifumo mingine. Watengenezaji wanaandika kile tu ambacho ni cha kampuni hiyo peke yake.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya programu ya SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na ikajikita katika kuunganisha hesabu, ununuzi na uzalishaji kwenye mfumo mmoja. Salesforce ilianza mwaka 1999 kwa kukodisha programu ya wateja na mauzo kupitia kivinjari, na mwaka 2007 ikafungua jukwaa lake ili kampuni nyingine zijenge programu zao juu yake. Zipo pia za chanzo huria kama Odoo, ambapo kampuni inaweza kuusoma msimbo wa toleo la jumuiya na kuliendesha kwenye seva zake yenyewe.

Faida ya jukwaa huonekana vizuri siku mfanyakazi anapoondoka. Kampuni yenye programu saba zisizojuana lazima iwe na mtu wa kukumbuka kumfuta mara saba. Sita zitafutwa. Ile ya saba, labda ya kuagiza bidhaa, itabaki na nywila inayofanya kazi hadi mtu atakapogundua kwa bahati mbaya. Kwenye jukwaa anafutwa mara moja na milango yote inafungwa. Vivyo hivyo mteja akihama: anwani inabadilishwa sehemu moja, na ankara, stoo na wanaopeleka mzigo wote wanaiona.

Hapa ndipo inapoingia ile ahadi ya kujenga programu bila kuandika msimbo. Zana hizo zipo na zinafanya kazi. Unaburuta visanduku, unachora fomu, na mchana huohuo una kitu cha kuonyesha. Microsoft ina Power Apps tangu 2016, na washindani wake ni wengi. Mimi ni shabiki wa zana hizi kwa kazi ndogo za idara, kama kuomba likizo au kusajili wageni. Ila ahadi yenyewe imeelekezwa kwenye jambo lisilo sahihi. Kuchora fomu hakujawahi kuwa sehemu ngumu ya kazi hii.

Sehemu ngumu ni maswali. Oda ikirudishwa nusu baada ya kuidhinishwa, punguzo linahesabiwaje? Bei inayotumika ni ya siku ya kuagiza au ya siku ya kupokea? Meneja akiwa likizo, nani anaidhinisha, na je, anaweza kuidhinisha ombi lake mwenyewe? Maswali haya hayajibiwi na zana yoyote. Yanajibiwa na watu wa kampuni wakikaa chini na kukubaliana, kisha mtu anayejua kupanga data anayaweka kwenye mfumo bila kuacha mwanya. Kampuni isiyojua inavyofanya kazi ikinunua jukwaa kubwa, itapata fujo ileile, sasa ikiwa inakwenda kwa kasi.

Kuna mfano mmoja nauona kila mahali na karibu hakuna anayeuulizia kabla ya kununua. Saa tatu asubuhi mtu wa mauzo anafungua kumbukumbu ya mteja. Dakika mbili baadaye mtu wa uhasibu anaifungua kumbukumbu ileile. Wa mauzo anabadilisha namba ya simu, anahifadhi. Wa uhasibu, ambaye skrini yake bado ina namba ya zamani, anapandisha kiwango cha mkopo na kuhifadhi. Mfumo dhaifu unaandika skrini yote ya wa uhasibu juu ya kila kitu. Kiwango kipya cha mkopo kipo, namba mpya ya simu imepotea, na hakuna aliyekosea. Mwezi ujao mtu wa mauzo ataapa kwamba aliibadilisha, na hatakuwa na ushahidi.

Tiba yake inajulikana kwa muda mrefu. Kila kumbukumbu inapewa namba ya toleo. Anayehifadhi anarudisha namba aliyoikuta. Seva ikiona imeshabadilika, inakataa na kumwonyesha kilichobadilishwa na mwenzake. Kulijaribu hili mbele ya muuzaji kunachukua muda mfupi: fungua kumbukumbu moja kwenye madirisha mawili, badilisha kitu tofauti kila upande, hifadhi kote kuwili, kisha uangalie. Jaribio hilo litakueleza mengi kuliko saa nzima ya maonyesho ya rangi na chati.

Kilicho kwenye kivinjari kiko mikononi mwa mtumiaji

Imani potofu ninayoiogopa kuliko zote ni hii: karani haoni kitufe cha kuidhinisha, kwa hiyo hawezi kuidhinisha.

Programu tajiri ikifunguka, msimbo wake unashushwa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Kuanzia hapo uko kwake. Vivinjari vikubwa vya kompyuta vina zana za watengenezaji, kwenye kompyuta nyingi za Windows zinafunguka kwa kubonyeza F12, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuona ujumbe unaokwenda kwa seva, kuunakili, kuubadilisha na kuutuma tena. Kitufe kilichofichwa ni picha tu. Swali ni je, seva inakagua ruhusa ya aliyetuma kila ujumbe unapofika?

Chukua ile oda tena. Ujumbe una namba ya bidhaa, idadi na bei, tuseme 9,000. Bei imo kwa sababu mtengenezaji aliona ni rahisi kuituma pamoja na vingine, maana tayari iko kwenye skrini. Seva ikiiamini bei hiyo, mtu anaweza kuibadilisha kuwa 90 kabla haijaondoka, na ankara itatoka na 90 ikiwa na nembo ya kampuni na kila kitu. Mfumo uliojengwa vizuri hausikilizi bei inayotoka kwenye kivinjari hata siku moja. Unapokea namba ya bidhaa, kisha unachukua bei kwenye hifadhidata yake.

Shirika la OWASP, ambalo hukusanya udhaifu unaojirudia katika programu za wavuti, lilipotoa orodha yake ya mwaka 2021 liliweka ukaguzi mbovu wa ruhusa nafasi ya kwanza. Kwenye orodha ya 2017 ulikuwa wa tano. Sishangai. Kadiri kazi nyingi zinavyohamishiwa kwenye kivinjari ili skrini iwe na kasi, ndivyo watengenezaji wanavyosahau kuzirudia kwenye seva. Ukaguzi wa kwenye kivinjari upo ili kumsaidia mtumiaji mwaminifu asikosee. Ukaguzi wa kwenye seva upo kwa ajili ya kila mtu mwingine, na hauna mbadala.

Dada wa imani hiyo ni ile inayosema data iliyo kwenye wingu haipotei. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine zilizo kwenye jengo la mtu mwingine, na ni kweli kwamba mara nyingi zinatunzwa vizuri kuliko ile seva iliyowekwa chini ya ngazi za ofisi. Diski ikiharibika, nakala nyingine inachukua nafasi. Lakini mfanyakazi wako akifuta wateja elfu mbili kwa makosa, nakala hizo zinafuata amri yake kwa uaminifu na kuwafuta kote. Kinachookoa hapo ni nakala rudufu za siku zilizopita, na lazima uulize zinatunzwa kwa siku ngapi, nani anaweza kuzirudisha, na mara ya mwisho kujaribiwa ilikuwa lini.

Usome pia ile asilimia ya upatikanaji iliyoandikwa kwenye mkataba. Asilimia 99.9 inasikika kama ukamilifu. Mwaka una saa 8,760; sehemu moja ya elfu ni karibu saa tisa. Asilimia 99.5 ni karibu saa 44, karibu sawa na wiki nzima ya kazi. Kama saa hizo zitaangukia siku ya kulipa mishahara, mkataba utakuwa haujavunjwa.

Kuhusu mtandao, watu wanasema programu tajiri zinahitaji intaneti ya nguvu muda wote. Kwa kiasi fulani ni kinyume. Mzigo mkubwa ni ule wa kufungua mara ya kwanza, ambapo programu nzima inashushwa. Baada ya hapo ujumbe unaopita ni mdogo kuliko kurasa za zamani. Kinachoumiza zaidi ni programu iliyoandikwa ovyo, inayotuma maombi thelathini ili kujaza skrini moja, kila ombi likisubiri lililotangulia. Kwenye mtandao wa mtengenezaji, ulio hatua chache kutoka kwenye seva, hilo halionekani. Kwa hiyo ijaribu ukiwa mahali ambapo watumiaji wako watakuwa, kwa vifaa watakavyotumia.

Vivinjari vya sasa vinaweza hata kutunza programu na kazi ambayo haijatumwa hadi mtandao urudi. Ni uwezo mzuri kwa watu wa ghalani na wa safarini. Lakini uulize kwanza: wawili wakiuza kitu cha mwisho stoo huku wote hawana mtandao, mfumo utafanya nini wakirudi hewani? Kama jibu ni ukimya, uwezo huo haujakamilika.

Siku ya kuhama

Gharama za kuingia kila mtu anaziona: ada ya kila mtumiaji kwa mwezi, mafunzo, na kuhamisha data ya zamani. Hiyo ya mwisho hudharauliwa sana. Mteja mmoja ameandikwa kwa namna tatu kwenye majedwali matatu, na hakuna mashine itakayojua kwa uhakika kuwa ni mtu mmoja. Kazi hiyo ni ya mikono, ianze kabla mfumo haujafika.

Gharama ya kutoka huonekana mkataba ukishasainiwa. Mpangaji akihama nyumba anaondoka na samani zake. Ukuta aliojenga kutenganisha vyumba anauacha. Data ni samani. Kanuni za kuidhinisha, fomu na ripoti ulizojenga kwa lugha inayoeleweka na jukwaa hilo peke yake ni ukuta. Si vibaya kujenga ukuta, kwani ndiyo sababu ulipanga. Vibaya ni kudhani utaubeba. Kanuni muhimu zaidi za kampuni ziandikwe pia kwa maneno ya kawaida, kwenye nyaraka zisizotegemea jukwaa lolote, ili zijengwe upya kwingine bila kuanza kuwahoji wastaafu.

Watunga sheria nao wameanza kuliona tatizo hili la kuhama. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inawataka watoa huduma za wingu waondoe vikwazo kwa mteja anayetaka kuhamia kwa mwingine, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 ada za kuhama zinatakiwa zisiwepo. Sheria hiyo inagusa soko la Ulaya, lakini watoa huduma wakubwa wanauza kote, na hakuna kinachokuzuia kudai sharti kama hilo kwenye mkataba wako.

Namna ya kupima kama utaweza kuhama ni kuomba kutoka kabla ya kuingia. Wakati wa majaribio, jaza wateja kumi, oda ishirini, ambatisha mikataba miwili mitatu, idhinisha baadhi na ukatae nyingine. Kisha mwambie muuzaji: nipe kila kitu nilichoweka, kwenye mafaili ninayoweza kuyafungua bila mfumo wako. Ukipewa, usiridhike kwa kuona majina yamo. Angalia kama oda bado inaonyesha ni ya mteja yupi. Angalia kama viambatisho vimekuja au ni viungo tu vitakavyokufa akaunti ikifungwa. Tazama kama imeandikwa nani aliidhinisha na saa ngapi, kama namba za simu zinazoanza na sifuri bado zina sifuri yake, na kama tarehe 3 ya mwezi wa 4 haijageuka kuwa tarehe 4 ya mwezi wa 3.